Kilo za Kitanda cha Sita

Kwenye stoo ya dawa ya wodi ya watoto walimwita Bi Hakikisha, na jina lilimkaa barabara. Alikuwa mtu wa kufunga mlango, kushuka ngazi, kisha kupanda tena kulishika komeo. Mumewe alishachoka kumwambia atulie; siku hizi alimsubiri getini tu.

Kazi yake ilikuwa kuandaa orodha ya dozi za asubuhi. Alitumia programu kongwe ya kuandikia, yenye kioo cheusi, isiyojua kipanya. Ukitaka jambo, uliandikie amri. Wenzake waliicheka, yeye aliipenda. Akifika penye nafasi ya dozi alibonyeza vitufe viwili, akaandika hesabu, kilo za mtoto kuzidisha kwa miligramu tano, na jibu likadondoka lenyewe kwenye mstari. Kikokotoo cha nini?

Asubuhi hiyo muuguzi wa zamu akapiga simu: mtoto wa kitanda cha sita ameandikiwa kilo kumi na nne, kumbe ana nane, zile ni za jirani yake. Bi Hakikisha akafuta kumi na nne, akaweka nane, akachapisha. Mhudumu akaipeleka orodha chini wodini.

Chai haikushuka. Alikaa, akasimama, akapanga kalamu zilizokwisha kupangwa. Kuna kitu kilimkereketa, na safari hii hakikuwa mlango. Akarudi kwenye kioo. Kilo nane, miligramu sabini. Jibu likishaingia kwenye mstari huwa maandishi tu kama mengine. Ubadilishe kilo usibadilishe, lenyewe halina habari. Alilijua hilo miaka kumi na moja, na bado hakukokotoa upya.

Simu ya wodini iliita bila kupokewa. Akashuka ngazi mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani, asikirudie.

Muuguzi alikuwa kando ya kitanda cha sita, bomba la sindano mkononi, dawa tayari imevutwa.

"Dada, subiri," Bi Hakikisha alisema, pumzi zimemwishia. "Ni arobaini, si sabini. Nimekosea mimi."

Muuguzi aliitazama orodha, akamtazama yeye, akaenda kuimwaga dawa kwenye sinki.

Mama wa mtoto hakuelewa habari za arobaini na sabini. Aliona tu mwanamke wa dawa anahema, mguu mmoja peku, machozi yanamlengalenga.

"Asante, mama, kwa kuja kumjulia hali," alimwambia, akamsogezea kiti.

Bi Hakikisha alikaa.