Siku Niliyosasisha Bayosi Nyumbani kwa Baba Mkwe

Nimeolewa kwenye nyumba ambayo umeme una mwenyewe. Mwenyewe ni baba mkwe, mwalimu mstaafu, mtu wa kanisa na wa nidhamu, na tangu aache chaki kazi yake kubwa ni kuzunguka nyumba akizima swichi. Anazima taa ya ukumbini, anazima pasi, anazima redio ya mama mkwe taarifa ya habari ikiwa katikati. Akikuta kitu kimewashwa na hakuna mtu mbele yake, kidole kinakwenda ukutani, halafu anasema kwa sauti ya darasani, "Uniti hazioti shambani." Kilosa nzima inamsifu kwa hilo. Mimi niliyekuwa na duka la stationeri kwenye chumba chake cha mbele nilikuwa nanyamaza tu na kuwasha upya.

Duka lenyewe lilikuwa meza mbili, printa, viti vya plastiki vya wateja, na kompyuta moja ya mezani niliyoinunua ikiwa mtumba. Kwa kompyuta hiyo nilichapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za kata, ratiba za mazishi na kadi za harusi. Nilifanya kazi nzuri, wala sioni aibu kusema hivyo. Lakini hata kazi iwe nzuri namna gani, ukiifanyia kwenye chumba cha mkwe inabaki ni mchezo ambao mzee amekuruhusu kuucheza.

Ndiyo maana neno la Mikumi lilinishika moyo. Mikumi ni kwetu, nimezaliwa kule, kando ya barabara kuu. Kuna hoteli moja ya watalii ambayo meneja wake, mama mmoja mchangamfu, aliona kazi yangu akaipenda. Alikuwa na chumba cha ofisi karibu na geti, na nyuma yake vyumba viwili vya kuishi. Alitaka mtu mwenye kompyuta yake akae pale, apokee maombi ya wageni, achape orodha za vyakula, atunze kumbukumbu. Nilipoviona vile vyumba viwili, nilishaanza kuchagua na mume wangu rangi ya pazia. Ningekuwa na mlango ninaoufunga mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kuishi kwa watu, na sitaki kulizungusha neno hilo.

Sharti lilikuwa moja. Programu ya hoteli ilihitaji mfumo mpya, na kompyuta yangu iliukataa ule mfumo mpya mpaka kwanza isasishwe bayosi. Bayosi ni ile programu ya ndani kabisa, inayoiamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Ukiiandika upya na kazi ikakatika katikati, mashine haiamki tena. Itakuwa na feni, itakuwa na diski, ila haitakuwa na cha kuiambia kwamba ni kompyuta. Meneja akasema, "Njoo Jumatatu na mashine inayofungua programu yetu, chumba ni chako."

Nilijiandaa kama mtu anayepeleka mtoto kufanyiwa upasuaji. Nilisoma namba ya ubao wa ndani, nikatafuta faili lake halisi la bayosi, nikalinganisha herufi kwa herufi, nikalihifadhi kwenye flashi. Niliogopa umeme kukatika, kwa hiyo nikaazima yupiesi, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme unapopotea. Hapo nikabaki na hofu ya kidole cha baba mkwe tu.

Na hapo ndipo penye utaratibu wetu. Kwenye ukoo ule, mke wa mtoto hampi mzee agizo. Anamwamkia, anampikia, anajibu akiulizwa. Neno la kumkataza mzee jambo linapita kwa mumewe, naye analifikisha kwa lugha inayofaa. Basi nikamwambia mume wangu, aliyekuwa anachonga mpini wa jembe lake apate kwenda shambani Rudewa, "Mwambie baba kesho asiguse kitu chochote dukani. Hata akiona kioo kimekuwa cheusi, mashine inakuwa bado inafanya kazi."

"Nitamwambia," akasema.

"Mweleze vizuri. Ikizimwa imekufa."

"Nimesema nitamwambia, mama."

Hiyo kesho ilikuwa Jumamosi, na mchana tulitarajia washenga kutoka Mvumi waje kumposa wifi yangu mdogo. Nilipanga nimalize kabla hawajafika. Asubuhi nikafunga mlango wa duka wa barabarani, nikachomeka flashi, nikaiwasha mashine nikiwa nimekandamiza kitufe chake, nikaingia kule ndani kwenye bayosi. Nikalichagua faili. Likauliza kama nina hakika, nikakubali. Mstari ukaanza kujaa taratibu, na mimi nikakaa nimeutolea macho bila kugusa hata kipanya.

Washenga hawakungoja mchana. Walikuja na basi la kwanza. Nikasikia hodi, nikasikia kucheka, nikasikia mama mkwe akiniita nije niamkie wageni. Mstari ulikuwa umejaa. Maandishi yakasema mashine itajizima na kujiwasha yenyewe na nisiiguse. Kioo kikawa cheusi na feni zikaanza kuunguruma. Mama mkwe akaita mara ya pili, na safari hii sauti ilikuwa na mfupa ndani yake. Mke wa nyumba asipowaamkia washenga, posa ikivunjika atalaumiwa yeye. Nikaenda.

Nikapiga magoti mbele ya mzee wa kwanza. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Wakaanza kuulizana habari, na wazee wa huku wakianza habari hawaziachii njiani: habari za nyumbani, za mahindi, za ng'ombe walioingia kwenye mahindi. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye mkono wa yule mzee wakati baba mkwe alipotazama sebule akaona viti havitoshi. "Ngoja nilete vya dukani," akasema.

Alisukuma pazia, nami nikawa namwona mgongo. Alisimama akatazama kioo cheusi. Akasikiliza feni. Akatikisa kichwa, kidole kikaenda ukutani, ka!

Yupiesi ikaishika mashine. Niliisikia ikianza kulia, pii, pii, na nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Nikasema iache ilie, iache ilie tu. Lakini mzee hakupenda ile sauti. Aliinama chini ya meza akiitafuta, kama mtu anayetafuta kifaranga kilichoingia ndani, na kidole chake kikapata kitufe cha yupiesi.

"Baba, acha! Usiguse!"

Nilipiga kelele hizo nikiwa bado nimepiga magoti mbele ya mgeni. Pii ikanyamaza. Feni zikanyamaza. Yule mshenga akauachia mkono wangu polepole. Baba mkwe akatoka na viti viwili, kimoja kila mkono, uso umemshuka kama mtu aliyezabwa kofi kanisani. Alipanga viti, akawakaribisha wageni wakae.

Nilirudi dukani walipoanza kula. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Feni zilizunguka, zikasimama, zikazunguka, zikasimama. Nikachomoa waya, nikafungua kava, nikatoa ile betri ndogo kama sarafu, nikasubiri, nikairudisha. Kioo hakikuonyesha hata herufi. Kupitia pazia nilisikia watu wakisifu wali wangu.

Kesho yake baada ya ibada kikaitishwa kikao. Posa ilikuwa imepokelewa, hakuna kilichoharibika kwao, lakini wajomba walikuja wakiwa na nyuso za msiba. Nikaulizwa nilisema nini mbele ya wageni. Nikasema. Nilipoanza kueleza kwa nini nilisema, mjomba mkubwa akainua mkono. "Hayo ya mashine tutayasikia siku nyingine. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Hiyo siku nyingine mpaka leo haijafika.

Wakamwomba mume wangu aseme. Akajikohoza, akatazama viatu vyake. "Mke wangu amekosa," akasema. "Namwombea msamaha." Nikangoja sentensi ya pili, ile ya kusema kwamba mzee aliambiwa. Haikuja. Nikajiambia anamhifadhi baba yake, hataki kumwaibisha mbele ya shemeji zake. Nikapiga magoti, nikaomba radhi, nikatoa na jogoo. Baba mkwe akanipokea, akaniombea. Wakati wa ile sala nilikuwa namchukia. Niliamini ameambiwa na amepuuza, kwa sababu ni mzee na swichi ni zake. Nilikula meza moja naye jioni ile na kila tonge lilikuwa chungu.

Jumatatu sikwenda kwa meneja na mashine iliyo hai. Nilimpigia simu nikaomba siku chache. Akasema msimu wa wageni umeanza, nifanye haraka. Mume wangu akanisaidia kubeba kasha la mashine, tukapita njia ya kijiji cha Ulaya hadi Mikumi kwa fundi mmoja mwenye kibanda nyuma ya stendi. Alilipokea, akasema turudi baada ya siku mbili tatu, maana kifaa chake amekiazimisha. Tukarudi siku aliyotuita. Alikuwa na kibanio chenye miguu midogo, akakibana juu ya chipu ya bayosi, akaiunganisha na laptopu yake, akaiandika upya moja kwa moja.

Tukaiwasha. Ikatoa mlio mmoja mfupi, na kioo kikaja.

Nilikagua mwenyewe, sikutaka kuambiwa. Nikaingia kule ndani nikatazama toleo: ni lile jipya. Saa na tarehe zilikuwa zimerudi nyuma miaka, nikaziweka sawa. Diski ilionekana. Kipengele cha usalama ambacho mfumo mpya ulikidai kilikuwepo, nikakiwasha. Tukaweka mfumo mpya, tukasubiri, na mwisho nikafungua programu ya hoteli. Ilifunguka bila kusita. Mume wangu alikuwa anasoma namba ya toleo kwa sauti, anapiga makofi. "Imekubali! Ni ileile!"

Nikampigia meneja palepale.

"Pole mama," akasema. "Tulimpata mtu wa Morogoro. Ameanza jana."

Nikaweka simu juu ya meza ya fundi. Sikulia, ila nilitaka mtu wa kumlaumu, na mtu huyo nilikuwa naye tayari. Nikamuuliza mume wangu, "Hebu niambie. Baba alisemaje ulipomwambia asiguse?"

Akaacha kutabasamu.

"Alisemaje?"

"Sikumwambia."

Fundi akainama akaanza kutafuta parafujo sakafuni.

"Ningeanzaje?" mume wangu akasema. "Nimwambie mzee asiguse swichi ndani ya nyumba yake? Umeme analipia yeye. Niliona wewe utakuwepo hapohapo."

"Na kwenye kikao?"

"Mbele ya wajomba, ningesema nini?"

Niliyokuwa nimeyaweka juu ya yule mzee yote, siku zote zile, yakageuka pale kibandani yakatafuta mahali papya pa kukaa. Huyu niliyekuwa nachagua naye rangi ya pazia alinitazama nikipiga magoti na akajua kwa nini. Tulirudi Kilosa na kompyuta nzima.

Duka likaendelea. Nikachapa kadi za harusi ya wifi, na zilitoka nzuri sana. Kisha, mwezi uliopita, likaja toleo jingine la bayosi, la kuziba kasoro za lile la kwanza. Mume wangu akauliza kama nataka amwambie baba. Nikamwambia akae.

Nikaenda mwenyewe wakati wa chai ya asubuhi. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikasema, "Baba, leo naomba usiguse kompyuta wala ile betri yake mpaka nikwambie. Kioo kitakuwa cheusi, lakini ndani inaandika. Ikizimwa imekufa." Mama mkwe alishusha kikombe chake. Mzee hakukasirika. Aliuliza inaandika nini, na kwa nini kioo kiwe cheusi kama inaandika. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza tena swali zuri kuliko la kwanza, halafu akachukua kiti akakiweka kwenye mlango wa duka, akakaa. Hakumruhusu mtu kupita. Mkewe alipokuja kutafuta mkasi, alimfukuza.

Ilipomaliza nikamwita aone. Akavaa miwani, akasoma toleo la zamani nililokuwa nimemwandikia kwenye karatasi, akasoma na jipya, akaridhika. Akabaki amesimama pale.

"Siku ile ya washenga," akasema, "kwa nini hukuniambia hivi?"

Mume wangu alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Nilimtuma mwanao, baba."

Mzee hakugeuka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena.

"Basi magoti yale," akasema, "yalikuwa yake. Hayakuwa yako."

Akatoka, akapita karibu na mwanawe bila kumsemesha. Lakini kikao cha pili hakuna aliyekiitisha.