Watano kwa Watatu

Miwa inapochomwa kule tambarare, kusini mwa mji, harufu yake hupanda jioni mpaka huku Uru mlimani, ikapenya migomba na kuingia sebuleni kwangu. Ni harufu tamu yenye uchungu ndani, kama sukari iliyosahauliwa motoni. Wageni wangu huisifu. Mimi hufunga madirisha, nayo ni madirisha ya alumini, ya kuteleza. Nyumba hii nimeijenga kwa stashahada ya ufundi wa majokofu niliyoisomea Marekani, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nawaambieni haya ili mjue anayezungumza nanyi ni nani, maana katika kijiji hiki hiki niliwahi kuwa pungufu ya mtu.

Baba alikuwa mkata miwa, mtu wa Singida. Mama alipofariki, Baba alinikabidhi kwa padri wa parokia pamoja na watoto wengine wanne wa mashambani, tukalala katika chumba nyuma ya kanisa na kusoma shule ya msingi ya huku mlimani. Wenzetu darasani walikuwa na vihamba vya kahawa, mashamba ya ukoo, na makaburi ya mababu zao humo humo. Sisi walituita chasaka, yaani watu wa kuja. Walituita hivyo bila chuki, kama mtu anavyomwita mbuzi kwa rangi yake.

Tulipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Anselmi, alitunga mchezo wa siku ya wazazi kuhusu Wamarekani walivyounda serikali yao. "Nchi hujengwa kama mahari," alituambia. "Kila upande unaondoka umenuna, lakini ndoa ipo." Majimbo makubwa yalitaka viti kwa wingi wa watu, madogo yakakataa kumezwa. Wakapatana: baraza moja kwa wingi, jingine sawa kwa sawa. Nilipewa kuwa mjumbe wa jimbo dogo kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyenishinda kwa ufasaha, wala kwa hesabu, wala kwa jambo jingine lolote. Nilikuwa na maneno mengi. Niliyafanyia mazoezi migombani hadi mbuzi wa padri wakayazoea, na Baba nikampelekea salamu aje anisikilize.

Lakini mapatano yale yalikuwa na upande mwingine. Majimbo ya kusini yalikuwa na watumwa, na mabwana wao walitaka watumwa wahesabiwe ili wao wapate viti vingi zaidi, ingawa mtumwa mwenyewe hakuwa na sauti. Wakakubaliana kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Kwa hiyo mchezo ukahitaji watumwa. Mwalimu akatuokotesha vijiti, vitano vikiwa vifupi, na kimoja kifupi kikamwangukia Deo, mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule.

Kesho yake mwenyekiti alifika asubuhi. Nilikuwa nafagia chini ya dirisha la ofisi.

"Shikamoo, Mzee," alisema Mwalimu.

"Marahaba. Mwanangu awe mtumwa mbele ya wakwe zangu?"

"Ni mchezo tu, Mzee."

"Basi na yule ng'ombe wa sherehe niliyemwahidi ni mchezo tu. Hivi wale chasaka wako si ni watano? Hesabu yako inataka wangapi?"

Mwalimu alicheka kidogo, peke yake. Mchana akaniita.

"Mwanangu, maneno yako atayasema Deo. Bila hivyo hakuna mchezo."

"Lakini Mwalimu, Deo hayajui."

"Utamfundisha."

Nikamfundisha.

Siku ya wazazi Baba alikaa mstari wa nyuma, ndani ya koti la kuazima, mikono juu ya magoti. Deo alisahau nusu ya maneno yangu, akapigiwa makofi kwa nusu iliyobaki. Sisi watano tulisimama kando tumejifunga magunia. Sheria iliposomwa, mjumbe wa kusini alitugusa kwa fimbo: mmoja, wawili, watatu. Wawili wa mwisho, mimi nikiwa mmoja wao, tukachuchumaa. Watu walicheka sana.

Wakati wa nyama, Baba aliniuliza maneno yangu yalikuwa yapi. Nikamwambia sisi hatukupewa maneno. Akaweka sahani chini.

"Umechuchumaa vizuri," alisema. "Hukuyumba."

Kisha akateremka kuwahi gari, nyama ikabaki kwenye sahani. Hakupanda tena kuja kuniona. Kila likizo nilishuka mimi. Nilidhani ananionea aibu, na jambo hilo nilimwekea kinyongo miaka mingi.

Huko Marekani chuoni kwetu walitufundisha habari ile ile, katika somo la historia lililokuwa la lazima hata kwa mafundi. Mkufunzi alisema, kwa upole ule ule wa Mwalimu Anselmi, kwamba bila mapatano yale pasingekuwa na nchi. Wenzangu wakaandika. Nikanyoosha mkono nikauliza kama kuna aliyewauliza wale watano. Akasema ni swali zuri, akaendelea na somo. Katika somo hilo niliwashinda wote, wenyeji na wageni.

Nilikuwa natembea kurudi kwangu kwenye theluji, bado nina hasira, ndipo nilipomwelewa Baba, naye alikwisha kufa. Kila alfajiri ya maisha yake, kama nilivyokuwa nikiona likizoni, nyapara aliwapanga wakata miwa na kuwahesabu kwa kuwagusa bega kwa fimbo, na waliozidi kazi ya siku hiyo waliambiwa wachuchumae pembeni. Alinitoa kwake akanipeleka mlimani ili fimbo ile isinifikie. Akaazima koti, akapanda kuja kunisikiliza, akakuta imetangulia kufika.