Bei ya Nyumbani

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Malvern, Johannesburg, na kazi yangu ni kuwaimbisha watu. Nasema kuwaimbisha, siyo kuwaimbia. Nina spika mbili, maiki mbili, mikisa, kompyuta na televisheni ya kuonyesha maneno ya wimbo. Mteja anasimama, anasoma, anaimba, na mimi nahakikisha haaibiki. Hiyo ndiyo karaoke, na mpaka leo kuna watu wa kwetu wanaoniuliza nalipwa kwa lipi wakati wanaimba wenyewe. Huwa nawajibu kwamba hata saluni nywele ni zao wenyewe.

Saluni naijua. Nilisuka nywele Jules Street mpaka vidole vikaanza kufa ganzi, ndipo nikanunua spika iliyotumika kwa mtu. Siku za mwanzo sikuwa na bei. Mtu akiniuliza, nasema anipe chochote alichojaliwa, nikidhani hiyo ndiyo adabu. Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni mwenye baa moja hapo hapo barabarani, mzee wa Kizulu mwenye maneno machache. Aliniuliza bei, nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, chochote tu, baba. Akaniambia hana noti inayoitwa chochote, niende nikafikirie halafu nirudi. Nikaenda, nikafikiria, nikarudi na randi elfu moja na mia mbili kwa alasiri nzima ya Jumapili. Akasema sharp, yaani sawa, akaendelea kupanga chupa zake. Nilitembea kurudi chumbani nimekasirika, na hasira yenyewe haikuwa kwa yule mzee, ilikuwa kwa wote niliowahi kuwaambia chochote wakanipa chochote.

Sasa, baa ni rahisi. Baa ina umeme, ina mlinzi, ina saa ya kufunga. Nyumbani kwa mtu hakuna hata kimoja. Unapandisha spika ngazi za fleti kwa sababu lifti ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Umeme ukikatika, eish, wote wanakutazama wewe utadhani ndiye uliyeukata, kwa hiyo natembea na betri yangu, na betri ile ina uzito wa mbuzi. Watoto wanamwaga juisi kwenye mikisa. Shangazi anataka taarabu, wifi anataka rumba, jirani aliyealikwa kwa heshima anataka za kanisani, na nyingi kati ya hizo hazina maneno yaliyoandikwa popote. Ni mimi niliyekaa nikazisikiliza mstari kwa mstari nikayachapa. Halafu hakuna anayesema basi, inatosha. Na katikati ya yote hayo mtu anakujia na kisu na beseni la vitunguu: "Mdogo wangu, huku ukisubiri, tusaidie hivi." Baani hakuna aliyewahi kunimenyesha kitunguu.

Kwa hiyo asubuhi moja nikaweka bei zangu kwenye statasi ya simu. Bei ya baa, elfu moja na mia mbili. Bei ya nyumbani, elfu moja na mia nane. Chai haijapoa, simu ikaanza kulia, na wote waliopiga walikuwa na huruma. Dada, umegeuza namba. Shosti, rekebisha haraka kabla watu hawajaona.

Ilinichukua muda kuelewa. Kwetu sisi, bei ya nyumbani ina maana yake. Ni bei anayouziwa ndugu, au jirani, au mtu mliyetoka naye mji mmoja; ni punguzo, na mara nyingi ni bure iliyovalishwa nguo. Mimi niliandika nyumbani nikiwa na maana ya nyumba, yenye mlango na ngazi na vitunguu. Wao waliposoma nyumbani waliona undugu, wakashangaa undugu umepanda bei. Ningeweza kufuta nikaandika sherehe binafsi, yakaisha. Lakini kila waliponionea huruma ndivyo nilivyozidi kuipenda ile namba. Nikawajibu wote neno moja: sijageuza.

Huruma ikaisha hapo hapo. Nikasikia pesa imenivaa, nikasikia nawatoza watu wangu kuliko walevi. Msusi mmoja Mkongomani, niliyekuwa nakaa naye kiti kwa kiti pale saluni, nilipomsimulia alicheka mpaka akamwacha mteja na kichwa nusu. "Usishushe," akaniambia kwa Kiswahili chao cha Bukavu. "Batu bakizoea bure, batakuita mpaka ku matanga."

Sikushusha. Kisha akapiga Dada.

Dada si wa tumbo moja nami. Ni mwanamke wa Tanga aliyenitangulia Johannesburg kwa miaka mingi, ana duka la kushonea nguo kule Kensington na nyumba nyuma yake. Nilipofika mji huu na begi moja na namba ya simu ya mtu nisiyemjua, ni yeye aliyenifungulia mlango. Nililala kwenye godoro chini ya meza yake ya kukatia vitambaa mpaka nikapata kazi, na hajanikumbusha hata siku moja. Sina mama hapa, sina shangazi. Nikiugua, uji ni wa Dada. Nikisema nyumbani nikiwa katika mji huu, maana yake ni kwake.

Binti yake alikuwa anaolewa, na kicheni pati ingekuwa Jumamosi mchana, hapo hapo uani. Mchango wangu nilikuwa nimeshatoa. Sare yangu Dada alikuwa ameshaishona, gauni la kitenge cha zambarau kama la wanawake wote wa upande wa bibi harusi. Akaniita dukani. Nikaenda, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kiti na mguu wake ukaendelea kukanyaga cherehani.

"Spika utazileta saa ngapi?" akauliza.

"Mapema, Dada. Tukishaelewana."

Cherehani ikanyamaza. "Tuelewane nini?"

"Bei."

"Ile bei yako niliiona. Nikasema huyu mtoto kakosea kuandika."

"Sikukosea."

"Basi ya kwangu mimi ni ipi?"

"Ni hiyo hiyo, Dada. Ya nyumbani."

Akavua miwani, akaiweka juu ya kitambaa. "Hebu niambie kitu kimoja. Ukija kwangu, unakuja nyumbani au unakuja kazini?"

Nawaambia kweli, swali lile lilinichoma. Mwili mzima ulitaka kusema nyumbani, Dada, samahani, spika zimebebwa tayari. Lakini nilijua kitakachofuata. Ningemfanyia yeye bure, na kabla ya Jumapili kuisha Malvern nzima ingejua kwamba bei yangu ni ya mdomoni, kwamba ukinilegezea sauti na kuniita mdogo wangu, inayeyuka. Baada ya hapo ningerudi kwenye kusuka na vidole hivi. Na nikikataa, nitampoteza mtu pekee anayenipikia uji. Nilipima pande zote mbili nikiwa nimekaa pale kwenye kiti chake, na nikakasirika kwamba napimishwa.

"Nikija na spika, nakuja kazini," nikasema. "Nikija bila spika, nakuja nyumbani. Chagua mwenyewe, Dada. Vyovyote nitakuja."

"Binti yangu anazisema hizo spika mwezi mzima."

"Basi umechagua."

"Haya," akasema. "Njoo kazini. Na ile sare iache, sare ni ya watu wa nyumbani."

Gauni langu lilikuwa linaning'inia ukutani nyuma yake. Nikainuka, nikalitoa kwenye hanga, nikalikunja. Nikamwambia kitambaa nilikilipia. Kwenye robot ya kwanza, ndivyo huku tunavyoziita taa za barabarani, machozi yakanianza, taa ikawaka kijani nikabaki pale pale mpaka wa nyuma wakanipigia honi. Nililia kweli. Bei sikuigusa.

Jumamosi nikafika na fulana yangu nyeusi ya kazi. Dada alikuwa amesimama mlangoni, amependeza, zambarau mpaka kwenye kilemba.

"Shikamoo, Dada."

Miaka yote niliyomjua hakuwahi kuiacha shikamoo yangu hewani. Hata tukiwa tumenuniana, ataitikia kwanza ndipo aendelee kununa. Siku ile akanitazama kama anayetazama fundi wa bomba.

"Za kazi?" akasema.

Nikajibu nzuri. Akanyoosha kidole kwenye kona ya ua, karibu na mapipa ya taka. "Mtu wa mziki atakaa kule."

Nikakaa kule. Sikuletewa kitunguu hata kimoja. Vitunguu nilivyovilalamikia kila siku, mchana ule niliwatazama wenzangu wamelizunguka beseni, wanamenya na kusengenya, macho yanawatoka machozi na vicheko, nikatamani mmoja wao anirushie. Hakuna aliyerusha. Walishaambiwa. Pilau lilipopakuliwa niliona sahani zikinipita juu ya kichwa, mimi nikaletewa maji ya chupa. Haya, nikasema moyoni, ndiyo kazini kwenyewe. Kazini hatuli pilau la bibi harusi.

Lakini kazi niliifanya. Niliifanya kwa hasira, na hasira yangu huwa na nidhamu sana. Shangazi aliyeshika maiki na kukataa kuiachia nilimshusha taratibu, nikampigia makofi mpaka akadhani ni yeye mwenyewe aliyeamua kukaa. Mama mmoja mwenye haya, aliyekuwa amejificha nyuma ya sufuria, nilimtoa kwa wimbo mmoja na akaimba mbili zaidi. Umeme ukakatika, betri ikashika kabla mtu hajaguna. Nilimwona Dada akiangalia taa zilizozimika ndani na televisheni yangu inayowaka.

Kisha akasimama bibi harusi. Yule binti amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Siku hiyo alitaka kumwimbia mama yake kwa Kiswahili, wimbo wa kuaga ambao wanawake wa Tanga wanauimba harusini, na maneno yake nilikuwa nimemchapia kwa herufi kubwa. Akaanza vizuri. Ubeti wa pili, akifika kwenye neno mama, akamtazama mama yake usoni. Kosa hilo. Sauti ikakatika.

Watu wengi hapo huona kimya, na kimya kikikaa, sherehe hugeuka msiba. Mimi nilishashika maiki yangu. Nikaiingiza sauti yangu chini ya ile yake, chini kabisa, kama bitana ndani ya koti, nikaimba maneno yake kwa sauti inayofanana na ya kwake, huku mkono mwingine ukipandisha yake polepole. Wageni hawakujua. Walisikia msichana akilia huku akiimba, wakaanza kuitikia, na alipopata pumzi aliikuta njia iko wazi akaendelea, mimi nikatoka. Lakini Dada ni fundi cherehani. Bitana anaijua. Aligeuza shingo akanitazama kule kwenye kona yangu ya mapipa, akatazama maiki mkononi mwangu, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Nilidhani hapo yameisha. Hayakuisha. Mwishoni alikuja na bahasha, akasimama mbele yangu.

"Mtu wa mziki. Hesabu."

"Imetimia," nikasema, nikaitia mfukoni bila kuifungua.

"Hujahesabu."

"Ni pesa yako, Dada. Imetimia."

Akageuka akaingia ndani. Nikakunja nyaya, nikabeba spika, betri, televisheni, nikapakia kwenye kigari changu nje ya geti. Hakuna aliyenisaidia na sikuomba. Nikafunga buti, nikakaa kwenye usukani, ufunguo mkononi. Bei yangu ilikuwa nzima. Ningeweza kuwasha gari nikaenda zangu Malvern kifua mbele, na kesho watu wote wangejua kwamba hata Dada alilipa.

Ila dukani nilisema mambo mawili, sikusema moja. La spika nilikuwa nimelitimiza mbele ya watu. La pili lilikuwa bado, na sikuwa tayari mtu aninyang'anye. Na asidhani mtu kwamba nilikuwa nakwenda kuomba radhi. Nilichukua ile sare kwenye kiti cha nyuma, nikaivaa hapo hapo garini juu ya fulana na suruali, nikajifunga kilemba kwa kioo cha dereva. Nikavuka geti mikono mitupu. Nikapita kwenye kona yangu ya mapipa bila kuitazama, nikaenda mpaka mlango wa jikoni.

"Hodi."

Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo wakageuka. Dada alikuwa ameinamia sufuria, anakwangua ukoko. Akainua kichwa. Akaliangalia gauni, suruali iliyochungulia chini yake, na mikono yangu isiyo na kitu. Aliangalia mikono kwa muda mrefu zaidi.

"Shikamoo, Dada," nikasema.

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye sinki. Mtu mmoja akayafunga.

"Marahaba," akasema Dada. "Umechelewa, mdogo wangu. Watu wote wameshakula. Ulikuwa wapi siku nzima?"

"Kazini, Dada."

Akatikisa kichwa, akasogea pembeni ya jiko, akafunua sahani ya pilau iliyokuwa imefunikwa kwa sahani nyingine, bado ya moto.

"Kula upesi," akasema. "Vyombo vyote hivi vinakungoja wewe."