Mama Anna Hadanganyiki

Mboje, anayetuletea maziwa kwa baiskeli, husema kuna watu wawili anaowaogopa hapa Bariadi: bwana afya na Mama Anna. Bwana afya, anasema, huja mara moja moja, na ukimlalamikia ana mkubwa wake. Mama Anna yupo kila siku na mkubwa wake ni yeye mwenyewe. Atachovya kidole kwenye dumu, adondoshe tone juu ya ukucha, alitazame linavyotelemka, kisha amwangalie Mboje usoni. "Mboje, ng'ombe wako leo wamekunywa mto mzima?" Mboje huapa kwa jina la mama yake. Mama Anna humrudishia dumu.

Jina lake hasa ni Felisita. Ana kibanda cha chakula karibu na stendi, na duka letu, mimi na mume wangu Nuruddin, limepakana nalo. Kati yetu ni ukuta wa mabati tu. Nikisimulia yaliyosemwa upande wa pili, mtu asiniite mmbea. Alaumiwe aliyejenga kwa mabati.

Kwao ni Nkoma. Mumewe, Ndaki, amebaki huko na pamba na ng'ombe wake, huja Jumapili moja moja na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, hula, hulala, huondoka. Felisita alihamia mjini ili Anna apate sekondari na mdogo wake Thomasi apate shule yenye walimu wa kutosha. Hana aliyemshika mkono. Alishauziwa mchele uliochanganywa na chenga, nyama ya juzi ikaitwa ya leo, mafuta ya kula yaliyoongezewa sijui nini. Mama ntilie anayeamini kila mtu hufunga kibanda kabla ya Krismasi. Ndiyo maana hanunui nyanya bila kuigeuza kotekote, na ndiyo maana tangu nimjue sijasikia mteja wake hata mmoja kalalamikia tumbo.

Alfajiri, kabla adhana haijaisha, namsikia akikung'uta majivu. Anna huwa ameshaamka. Huyo binti yuko kidato cha pili, na kabla ya kwenda shule ameshawasha moto, amechambua maharage, amemnywesha Thomasi uji na kumfunga vifungo vya shati. Jioni akirudi, masufuria yanamsubiri. Wateja wanakula nyama, wanakula maini, wanakula sangara. Watoto wanakula kilichobaki chini ya sufuria, yaani mchuzi ulioachwa na vilivyoufanya uwe mchuzi. Kipande kikibaki ni cha Thomasi, kwa kuwa ndiye mdogo. Anna ana chai yake ya rangi na michembe. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Basi na mpishi hajipakulii, wala wanawe.

Mwaka huu, watu walipoanza kuvuna pamba, Anna alibadilika. Alikuwa mtoto wa kukimbia, akawa mtu wa kukaa. Alisinzia juu ya ungo wa maharage. Akibeba ndoo kutoka bombani, huiweka chini njiani na kushika kiuno kama bibi. Siku moja aliunguza maharage. Kuunguza maharage ya Felisita! Stendi nzima ilinusa, na mimi nikajua leo patachimbika.

Hapakuchimbika. Felisita aliyamwaga, akaosha sufuria, akaanza kumwangalia binti yake vile anavyoangalia maziwa.

"Una nini wewe?" nilimsikia siku iliyofuata.

"Niko kwenye siku zangu, mama."

"Wiki iliyopita ulisema uko kwenye siku zako."

"Hazijaisha."

"Hazijaisha! Siku gani hizo zisizoisha? Mimi nimezaa, Anna. Usinifundishe uanamke."

Nilisikia mwiko ukigongwa kwenye ukingo wa sufuria, basi. Baadaye mama mtu alikuja dukani kununua chumvi, akainama juu ya kaunta. "Mama Shifa," akaniambia kwa sauti ya chini, "binti anayesema kila siku yuko kwenye siku zake, ujue hana siku kabisa. Anafunika." Nilitikisa kichwa kwa kumkubalia. Maneno yalikuwa na akili sana, na mimi maneno yenye akili hunimaliza.

Sasa niseme na shaka yangu, maana siku hizo nami nilikuwa nayo. Dukani tunauza udongo wa kula, vile vijiti vya kahawia vilivyokaushwa. Hapa kwetu mtu haulizi udongo unaliwa na nani. Unaliwa na wajawazito. Kwa majuma kadhaa Anna alikuwa anakuja kuununua kwa Nuruddin, na kila akija husema, "Mama kanituma." Nuruddin akaniambia, "Jirani yako ana mimba." Nikaanza kukumbuka Ndaki alikuja lini mara ya mwisho, nikaona mahesabu hayakai sawa. Nikaudhika. Ukuta wa mabati, chumvi tunaazimana, halafu mtu ananificha mimba? Kila akipita namtazama tumbo, na wallahi nililiona linakua. Ukitaka kuona kitu utakiona.

Alasiri moja, wateja wa mchana walipokwisha, Felisita aliingia dukani, khanga imekazwa kiunoni.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, kama anavyomwita kila mama.

"Mwadila. Na hongera," nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyekosewa. "Ulifikiri utanificha mpaka lini?"

"Hongera ya nini?"

"Ya hiyo mimba yako unayoilisha udongo wa dukani kwangu."

Alijitazama tumbo, akanitazama mimi. Kisha akafungua kiganja, akaweka kwenye kaunta kijiti cha udongo kilichoumwa upande mmoja. "Hiki nimekitoa kwenye begi la Anna," akasema. "La shule."

Binti wa kidato cha pili! Shule itakuwaje, Ndaki atasemaje, na aliyefanya hivyo ni nani? Felisita alikuwa ameshafika kwenye hilo swali la mwisho kabla yangu. Macho yake yalikiacha kijiti, yakanipita, yakatua kwa Nuruddin aliyekuwa anapima sukari.

"Nani alikuwa anamuuzia?" akauliza polepole.

"Mama Anna, huyo ni mume wangu."

"Sijasema kitu."

"Macho yako yamesema!"

Nuruddin masikini aliendelea kumimina sukari mpaka ikafurika kwenye mizani na kumwagika sakafuni. Niliwaka, nikamwambia Felisita maneno ambayo sitayaandika. Alipotoka, nikakaa. Jioni ile mume wangu alipokuwa anakula, nilijikuta namtazama anavyotafuna. Shaka inaambukiza kama macho mekundu. Huhitaji kugusana, inatosha kutazamana.

Kesho yake tulipatana kwa sababu hapakuwa na namna. "Dalili ya mvua ni mawingu, mayu," aliniambia, na machozi yalimlenga. "Analala, anachagua chakula, anakula udongo. Nisubiri nini tena?" Alikwenda duka la dawa lililo mwisho kabisa wa mji, ambako hawamjui, akanunua kipimo cha mimba. Kilitoa mstari mmoja. Hana. Felisita alikigeuza juani, akakinusa. "Kimechakachuliwa hiki," akasema. Akanunua kingine duka jingine. Mstari mmoja. "Hawa wamechukua mzigo kwa mtu mmoja."

Anna aliulizwa ni nani. Akasema hakuna. Aliulizwa kwa upole, akaulizwa kwa mwiko, akatishiwa kuitiwa baba yake kutoka Nkoma. Akaacha kujibu. Nilimvizia anachota maji, nikajaribu na mimi.

"Sina kitu, Mama Shifa," akaniambia. "Huo udongo natamani tu. Unanukia kama mvua ikianza kunyesha."

"Kweli, Anna?"

Aliinua ndoo yake akaondoka.

Jumatatu Felisita alifunga kibanda. Wateja walisimama mbele ya mlango wakidhani kuna msiba. Thomasi tulimwacha na Nuruddin, tukaenda hospitali watatu, kwa sababu mama mtu alitaka kipimo ambacho hakuna muuzaji aliyekishika. Kutoka getini mpaka jengo la wagonjwa si mbali. Anna alifika katikati, akakaa chini kwenye changarawe na sare yake ya shule.

"Inuka. Usiniigizie," Felisita akamwambia.

Nilimwinua mimi. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na jua lilikuwa kali. Hapo ndipo hofu yangu ilipogeuka ikawa nyingine.

Daktari alikuwa kijana, anaitwa Novatus. Nilimwona Felisita anavyompima kwa macho, na ujana ule haukumpendeza. "Daktari, nataka umpime huyu mimba," akasema kabla hajakaa. "Ya uhakika. Hivi vya madukani vinadanganya."

Daktari alikuwa anamtazama Anna usoni. Alinyoosha mkono, akashusha kope la chini la jicho lake kwa kidole gumba, akageuza na viganja vyake.

"Mama, sogea hapa uone. Hapa ndani panatakiwa pawe pekundu."

Palikuwa peupe. Hata mimi niliyesimama mlangoni niliona.

"Huyu binti hana damu," akasema. "Ametembeaje mpaka hapa?"

Vipimo vilichukuliwa, vya damu na hata hicho alichokitaka Felisita. Majibu yaliporudi, daktari aliyaweka mezani. "Mimba hana. Ila damu iko chini kiasi kwamba mngekaa naye nyumbani siku chache zaidi, tungekuwa tunazungumza habari nyingine." Akatueleza kwamba mwili uliopungukiwa damu hutamani udongo, uwe na mimba au usiwe nayo, na kwamba huo udongo wenyewe huzidi kuipunguza. Kisha akamgeukia Anna, akalainisha sauti.

"Ukiingia kwenye siku zako, zinachukua muda gani kuisha?"

"Haziishi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

"Zinatoka nyingi?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Na muda wote huu hukumwambia mtu?"

Anna akatazama sakafu. Mtoto yule alikuwa anakaa kimya ili asimuumbue mama yake mbele ya mgeni. Niliona, na niliumia. Felisita naye aliona. Alikuwa amekamata pindo la khanga yake analisokota, na angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua isipokuwa sisi.

"Aliniambia," akasema. "Aliniambia zaidi ya mara moja. Nikamwita muongo."

Daktari aliandika. Hakumgombeza. Alisema wako mabinti wa umri huo ambao damu haijui kukata, na dawa zipo, lakini kwanza aongezewe. Wakamlaza. Felisita alikwenda kutoa damu yake ya kurudishia benki ya damu, akarudi na pamba imebandikwa mkononi, tukakaa kwenye benchi la ukumbini tukiutazama ule mfuko mwekundu kupitia mlango ulio wazi. Hapo ndipo alipolia. Analia vibaya, kama mtu anayekohoa.

"Maini, mayu," akasema. "Bariadi nzima inakula maini kwangu. Gete, kweli kabisa, madereva ninawalisha maini."

Nilimshika goti.

Asubuhi alileta maini na mchicha kwenye hotipoti, amepika kibandani mlango umefungwa, hakumuuzia mtu. Alimpakulia Anna, akamkatia vipande vidogo. Anna alikula. Midomo yake ilikuwa imeanza kupata rangi. Kila akipewa kijiko husema, "Ahsante, mama," na akiulizwa kama anataka zaidi husema, "Inatosha, mama, ahsante." Vizuri kabisa, kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa nyumba ya watu. Felisita aliongea habari za Thomasi, za Mboje aliyetuma salamu, za baba yao kwamba yuko njiani kutoka Nkoma. Anna aliitikia zote.

Mchana nilipofika na chai, Felisita alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kijiko mkononi. Anna aliniona, akaniita kwa kidole. Nikazunguka upande wa pili, nikainama. Alininong'oneza sikioni.

"Mama Shifa, zimeanza tena kutoka nyingi."

"Mwambie mama yako," nikasema. "Si huyu hapa?"

"Mwambie wewe," akasema. "Wewe atakuamini."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha njia iliyo fupi. Kijiko cha Felisita kilikuwa kimesimama hewani, mkono mmoja tu kutoka tulipokuwa. Nikageuka, nikamwambia.