Get, Neno Lililonizoesha Uvivu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti la marehemu baba, nikafika kabla ya mlinzi. Ulikuwa mwaka ule wakimbizi walipojaa Goma hadi kwenye nyua za makanisa, na ofisi ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi ilihitaji wakalimani, yaani watu wa kuchukua maneno ya mmoja na kuyafikisha kwa mwingine katika lugha yake. Kiingereza changu nilikiokota Uganda, nikifuatana na baba katika biashara ya vitenge. Sisi watu wa Butembo hatuogopi safari, wala hatuogopi kusema tunajua jambo tunalolijua nusu.

Mkuu wa Ofisi alikuwa Mwingereza mwenye haraka. Kufika saa nne asubuhi nilishachoka kusikia neno moja. Alinituma kuleta fomu, akatumia get. Mvua ikatulowesha, get. Dereva akafika, get. Nikamweleza jambo akalielewa, hapo pia get, na mama mmoja alipoanza kuumwa akiwa kwenye foleni ikawa get tena. Nilicheka moyoni. Sisi kila jambo lina neno lake. Wenzetu wana mtumishi mmoja anayefua, anayepika na anayechota maji.

Basi nikamwajiri mtumishi huyo. Foleni ilikuwa ndefu, na Mkuu hakuacha kugonga kalamu mezani. "Kwa kifupi! Anataka nini?" Mtu alieleza robo saa alivyotoka kwao, alivyobeba mizigo, alivyoanguka, nami nilimgeukia Mkuu na get tatu au nne, yakaisha. Mkuu akanisifu mbele ya wenzangu kwamba hakuna mkalimani mwepesi kama mimi. Sifa zilinilevya, sikatai.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka milima ya Masisi. Alikuwa akimtafuta Uwimana, binti yake wa miaka sita.

"Papa, tulipotezana ku Kalengera, masasi ikiliya," aliniambia, akiniita baba kwa Kiswahili cha kwetu na kusimulia risasi zilivyolia, kisha akaendelea kwa muda mrefu huku macho yangu yakiwa kwa mtu anayefuata. Mkuu alipouliza, nilimwambia kwa Kiingereza changu kwamba mama alifika Kalengera, akapotewa na mtoto, sasa anataka kumpata. Get, get, get. Fomu ikaandikwa Uwimana, tukaigonga muhuri.

Kila Jumatatu mama alirudi. Kila Jumatatu nilipitisha kidole kwenye orodha ya watoto waliookotwa, nikamwambia, "Hayuko, mama." Ilipita zaidi ya mwaka. Alikonda mbele ya macho yangu.

Mkuu akahamishwa, akaja Mratibu, mwanamke mzima asiyejua haraka. Aliagiza kila mzazi asikilizwe upya. "Nieleze kila anachosema," aliniambia. "Akikohoa, kohoa."

Mama akaanza tena, nami nikafuata neno kwa neno. Simulizi ilipofika kwenye barabara ya Kalengera, akasema, "Nilimufundisha: mutu akikuuliza jina, sema Maria. Hata bakupige, Maria. Ile jina yake ya kweli ingemuuwa." Siku zile za vita wazazi wengi walifanya hivyo, maana jina la kwenu, lililotaja kabila lako, lilitosha kukumaliza njiani. Mama akanitazama. "Nilishakuambiaka ile siku ya kwanza, Papa."

Kweli aliniambia. Niliyasikia, nikayaona ni maneno ya kurefusha safari.

Tukafungua orodha. Maria, miaka sita, ameokotwa Kalengera. Aliandikwa wiki moja tu baada ya mama kufika kwetu mara ya kwanza, na alikuwa analelewa mtaani Keshero, katika nyumba ya watoto niliyopita mbele yake kila asubuhi nikienda kazini.

Tulipompeleka mama, mtoto alijificha nyuma ya mpishi wa nyumba ile. Alimtazama kwanza mpishi kuomba ruhusa, ndipo akamsalimia mama yake kwa heshima, kama mgeni. Mama alipiga magoti, akalia. Nami nilitamani ardhi inimeze.

Wiki iliyofuata mama aliniletea kuku wa shukrani. Nilijaribu kusema. "Mama, ile siku ya kwanza..."

"Acha, Papa," akanikatiza. "Najua ulibaambia. Ni bazungu habasikiaka."

Nilimpokea kuku.

Niliendelea na kazi hiyo vita baada ya vita, chini ya wakuu wengi, hadi nikastaafu. Leo vijana wakalimani huja kwangu kuniuliza maana za get, nami nawapa zote, kupata, kufika, kuelewa, kuugua, hata zile ambazo kamusi zao hazina. Halafu nawaambia wamwache mtu amalize kusema. Wanaitikia "ndiyo, muzee," huku wakitazama simu zao.

Mwaka jana mama yule alifariki. Nilikwenda kwenye matanga. Uwimana, ambaye sasa ni mama wa watoto wanne, alinishika mkono akanitambulisha kwa ukoo mzima: "Huyu ndiye papa aliyeniona, wakati wengine wote walishindwa." Watu wakasimama, wakanipisha kiti cha mbele.

Nilikikalia.