Mashine Moja, Dada Wawili

Mke wangu alianza kupigwa mionzi mwaka ule daraja letu lilipofungwa. Hapana, naongopa. Daraja lilifungwa mwaka uliofuata, maana nakumbuka tulilivuka kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma na mwavuli. Ukishazeeka, miaka inashikana kama kurasa zilizolowa.

Mke wangu ni msusi. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki, kwa sababu wasusi wengi wa hapa walijifunzia mikononi mwake. Wa kwanza alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, tunayemwita Kadogo japo akisimama mlangoni anaziba mwanga wote. Saluni yao ina viti viwili, kioo kirefu chenye ufa, na pazia la nyuma wanakochemshia maji ya kuchovya ncha za rasta.

Mwalimu alipokutwa na saratani ya titi, alishauriwa ndugu zake wa kike nao wapimwe. Kadogo akawa anakwepakwepa. Mke wangu alimkokota mwenyewe mpaka hospitali, na kweli, akakutwa nayo, ikiwa bado changa. Wakapasuliwa wote, kisha wakaanza mionzi kwenye mashine moja, wanapishana mlangoni.

Hapo ndipo wivu ulipoingia nyumbani kwangu ukavua viatu, kama mgeni asiyefikiria kuondoka.

Ngozi ya Mwalimu iliungua, ikachubuka, ikatoa maji. Ilipopona ikaanza kukakamaa, na bega likagoma kupanda. Kadogo aliingia weusi kidogo tu, nao ukafifia. Akarudi kazini, anasuka huku anaimba. Wateja wa dada yake, mmoja mmoja, wakahamia kiti chake.

Siku moja nilipeleka mkaa saluni, nikawasikia nyuma ya pazia.

"Fungua blauzi nione."

"Dada, si jana tu umeona?"

"Fungua! Unapaka nini wewe? Niambie hayo mafuta yako."

"Sipaki kitu. Walitukataza, nami sijapaka."

Kisha Kadogo huyo huyo akauliza: "Unataka na mimi niungue ndiyo ufurahi?"

"Sitaki uungue," mke wangu akasema. "Nilitaka nisiungue peke yangu."

Nikaweka mkaa chini polepole, nikaondoka.

Tulipokwenda kliniki wote watatu, Mwalimu alimvaa daktari, binti wa umri wa mwanangu. "Mdogo wangu mlimpunguzia moto. Semeni tu."

"Mama, kipimo kilikuwa kile kile," daktari akajibu. "Tofauti inaweza kuwa ndani yenu. Kuna maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, yanaitwa vinasaba. Mengine ndiyo yanayoongoza mwili kujitibu ukishapigwa mionzi. Na ndugu wa tumbo moja hawarithi sawasawa."

"Kwa hiyo mama yetu alimpa huyu nafaka, mimi akanipa pumba?"

"Siyo kitu kimoja, mama. Ni tofauti ndogo ndogo nyingi, na yako mambo mengine pia. Bado hatujui vizuri. Ndiyo maana tunaomba damu yenu kwa utafiti, siku moja tuweze kumwonya mtu mapema."

Kadogo alikunja mkono wa blauzi. Mke wangu akakumbatia mkoba. "Chukueni yake. Ndiye mwenye bahati."

"Yake peke yake itatuambia kidogo sana. Tunataka na ya aliyeungua."

Kusikia hivyo, akatangulia yeye kwenye kiti cha kutolea damu. Kadogo akaninong'oneza, "Shemeji, hata sindano anataka awe wa kwanza." Tukacheka.

Lakini kicheko hakikumtoa mgeni wetu, ule wivu. Jioni ile Mwalimu alimwambia mdogo wake atafute saluni yake. Mwezi ukiisha, atoke. Kadogo hakubisha. Akaanza kufungasha vitana.

Kabla mwezi haujaisha, siku nimeleta tena mkaa, akaja mama wa duka la dawa, mteja wa siku nyingi. Akapita kiti cha Kadogo, akakaa cha Mwalimu. Mke wangu aling'aa! Akagawa nywele, akasuka mistari ya pembeni, safi kabisa. Alipofika utosini mkono ukakwama hewani. Akajaribu kupanda kigoda. Akajaribu kumwinamisha yule mama mpaka akalalamika, "Mwalimu, shingo yangu!"

Nikaona jasho la mke wangu. Nikaona anavyomtazama Kadogo kwenye kioo, na Kadogo anavyojifanya anafagia.

"We Kadogo," akasema mwisho. "Njoo hapa, shika juu."

Wakasuka kichwa kimoja, huyu chini, yule juu. "Umelegeza," Mwalimu akanung'unika. "Kaza." Vitana vikarudishwa kwenye droo, na tangu hapo wanasuka hivyo hivyo. Mpaka leo bado nakamata jicho la mke wangu likipanda na mkono wa mdogo wake.

Siku moja tukiwa tumekaa watatu, nikawauliza: ingekuwa Kadogo ndiye aliyeungua, naye ndiye anayeomba mkono wa kusuka juu, Mwalimu angeutoa?