Mkono wa Lugano

Ukitaka kumchosha mtu bila kumpiga, mpe kazi ya kuchota tope mtoni. Leo analitoa, masika yajayo yanamletea jingine, tena kwa ukarimu. Lugano wa Igogwe, huko juu Rungwe, aliifanya kazi hiyo miaka mingi kule chini, Mto Kiwira unapokaribia Ziwa Nyasa, ili meli zipate njia ya kufika bandarini. Na lile tope, kusema kweli, lilikuwa la kwao. Watu wa Rungwe wanalima hadi ukingoni mwa maji, na mvua ikinyesha shamba linateremka lenyewe kwenda Kyela bila nauli. Haba na haba hujaza kibaba, na mto nao hujaa vivyo hivyo.

Mashine waliiita dreja, ingawa ilikuwa kijiko cha kuchimbia barabara kilichofungwa juu ya pantoni. Meshaki, mtu mnene asiyependa maneno, ndiye aliyekiendesha. Kijiko kilizama, kikaibuka kimejaa, kikamwaga tope kwenye tishari lililofungwa ubavuni. Tishari likijaa lilivutwa kwenda kumwaga mbali ziwani. Lugano alisimama juu ya tishari na upondo mkononi, akilisawazisha tope lisielemee upande mmoja.

Mdogo wake, Ambindwile, alifanya kazi hiyohiyo. Alikuwa kijana wa kucheka hovyo, mwenye kuimba kwa sauti mbaya na kuombwa anyamaze. Masika moja, mto umejaa na umekuwa mwekundu, kamba ya tishari ilikatika kwenye kona ya mto, ikamchapa kifuani, akaingia majini. Hakuibuka. Walitafuta kwa mitumbwi na kwa nyavu mpaka wavuvi wenyewe wakachoka, na tope likaendelea kushuka na kulala juu ya tope.

Taarifa ilitangulia kufika Igogwe. Ilisema Ambindwile amefariki na ndugu yake anakuja, basi. Majirani wakafanya wanavyofanya siku zote: wanaume wakachukua majembe, wakachimba kaburi kati ya migomba, kando ya lile la baba yao. Lugano alipofika jioni akiwa peke yake, mikono mitupu, kaburi lilikuwa tayari na watu wamekaa mikekani. Kilio kilikatika ghafla. Watu walitazama nyuma yake, wakadhani gari liko barabarani.

"Yuko wapi?" mama yao, Tupokigwe, aliuliza.

"Hatujampata, Juba," Lugano alijibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

Wazee walishauri kaburi lifukiwe. Mchungaji naye akasema kazi ya Mungu haina makosa. Tupokigwe aliinuka, akasimama ukingoni mwa lile shimo, akamwelekezea mwanawe kidole mbele ya watu wote.

"Gwe Lugano. Mliondoka wawili hapa. Rudi ukamlete. Ukija tena kwangu, uje naye."

Mtu mwingine angesema hayo ni maneno ya uchungu, yatapoa. Wapi! Lugano aliyachukua kama yalivyo. Alfajiri aliteremka kwenda Kyela, na hakukanyaga tena Igogwe, ingawa si safari ya hata siku nzima.

Tangu hapo dreja ikapata utaratibu wake. Kijiko kikiibuka, Meshaki hakumwaga tope kwa kishindo kama zamani, alilishusha taratibu. Lugano aliinua mkono. Kila kitu kikasimama. Akalipekua tope kwa upondo, halafu kwa vidole: magogo, vigunzi, mashina ya migomba yaliyooza, kandambili ya mtu mwingine. Kisha akaushusha mkono, na kijiko kikarudi majini. Hakuna aliyeuweka utaratibu huo wala aliyeujadili. Vibarua wapya walijifunza kuungoja mkono wa Lugano kama walivyojifunza kufunga kamba.

Mwanzoni moyo ulimdunda kila kijiko kilipopanda. Baadaye ukaacha. Hilo ndilo lililomtisha kidogo, halafu nalo likaacha kumtisha. Alikula, alilala, alicheka wengine walipocheka, ila ndani alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Wakulima waliokuwa wakipanda kwenda Tukuyu aliwapa sabuni na dagaa wa usipa wampelekee mama. Mama alimrudishia mkungu wa ndizi. Salamu haikuwemo, kwake wala kwa mama.

Nyakati zikabadilika. Soko likawa huria, kila mwenye hela akanunua lori, na mizigo iliyokuwa ikingoja meli ikaanza kupanda barabara. Meli zikapungua. Ukaja msemo wa kupunguza wafanyakazi, na baada ya msemo akaja bwana mmoja kutoka mjini, ana viatu vyeupe, sijui nani alimdanganya avae viatu vyeupe kwenye tope. Alikaa kivulini asubuhi nzima akiitazama dreja.

"Kwa nini mnasimama kila kijiko?" aliuliza.

Watu wakatazama maji.

"Ndiyo maana mashirika yanakufa," yule bwana alisema. "Uvivu mtupu. Mwekezaji hawezi kuvumilia haya."

Lugano aliyasikia yote, na hayakumuuma. Aliinua mkono, akapekua, akaushusha.

Haukupita muda, ikatangazwa kwamba dreja haitafanya kazi tena. Mto uachwe ujae, meli chache zilizobaki zitie nanga nje ziwani. Wenzake walizungumza habari za kiinua mgongo na biashara ya mitumba. Lugano aliwaza jambo moja: kijiko kikinyamaza, Ambindwile atabaki humo, na yeye hatakuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani hadi afe.

Siku ya mwisho alimwendea Meshaki. "Kaka, nipigie kimoja pale konani."

Meshaki alikwenda pale kamba ilipokatikia, akazamisha kijiko mpaka pantoni ikainama, akakileta juu. Lugano aliinua mkono. Akapekua muda mrefu kuliko siku zote. Hakukuwa na kitu, tope tu, jeusi, zito, baridi. Akachukua gunia la mbolea, akalijaza, akalifunga kwa kamba ya mgomba.

Kesho yake alipanda nalo. Watu ndani ya gari walimuuliza amebeba nini kinachovuja hivyo. "Mtu," alijibu, wakaacha kumuuliza.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Alizunguka nyuma, akitarajia kuona kichaka mahali pale, au magimbi, maana shimo gani litabaki wazi kwa masika yote hayo? Alisimama. Kaburi lilikuwepo. Kuta zake zilikuwa zimenyooka, zimekatwa upya kwa jembe, na sakafu yake safi, imefagiliwa. Mama yake alikuwa ndani, kichwa tu kikionekana, anarusha udongo nje kwa sahani mbovu.

"Mvua inalijaza," Tupokigwe alisema, bila salamu, kana kwamba waliachana asubuhi. "Kila kiangazi natoa. Nilisema ukimleta, akute pako tayari."

Lugano alimshika mkono akamtoa. Mkono ule ulikuwa na sugu palepale alipokuwa nazo yeye.

"Sikumpata, Juba. Nimeleta alipolala."

Mama alilifungua gunia. Akatia mkono ndani hadi kwenye kiwiko, akakaa hivyo kitambo.

"Ndaga," alimshukuru mwishowe. "Mshushe."

Alilishusha tope taratibu, kwa namna ya Meshaki. Mama akachukua jembe, akachota udongo wa kwanza. Hapo mkono wa Lugano ukapanda wenyewe. Hakuutuma. Tupokigwe, ambaye hakuwahi kuiona dreja wala kusikia habari zake, alisimama na jembe lake hewani, akangoja.

Lugano aliangalia chini. Aliangalia kila upande wa lile tope, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akasikia uchungu, mwingi, ukimpanda kutoka miguuni. Machozi yakaanza kumtoka mkono ukiwa bado juu.

Kisha akaushusha.

"Endelea, Juba," alisema.